Ufundi wa Kulainisha Jino

Saa 11 jioni, jua linapoanza kujificha nyuma ya migomba, mtoto wa mbwa hupandwa na wazimu wake wa kila siku. Aliyewahi kufuga anaijua saa hiyo. Mchana kutwa amelala chini ya ngazi ya jikoni kama gunia tupu. Ghafla anainuka, masikio yamelala nyuma, mgongo umekunjamana, anauzunguka ua mara tatu bila kufukuzwa na yeyote. Mwanangu wa miaka 3 akimwona hivyo, naye huanza kukimbia na kupiga kelele za furaha. Hapo ndipo mambo yalipokuwa yakiharibika. Simba, ndilo jina alilopewa na watoto siku alipofika akiwa na wiki 8, aliziacha mbio zake na kufuata visigino vya mtoto. Aliuma pindo la kaptula, kisha kigimbi. Furaha iligeuka kilio, na kadiri mtoto alivyolia na kurusha mikono, ndivyo mbwa alivyoamini kwamba mchezo umenoga.

Jioni ya kwanza nilichukua kandambili. Nilikwisha kuinua mkono niliposikia sauti kutoka upande wa pili wa masale yanayotenganisha ua wetu na wa jirani. Alikuwa mzee ambaye watoto humwita Babu. Kwa miaka mingi alilinda shamba la kahawa usiku, mbwa wawili ubavuni mwake. "Iweke chini hiyo, mwanangu," alisema. "Huyo hajakosa, hajafundishwa. Ukimpiga leo, kesho atauogopa mkono. Na mikono iliyo karibu naye kuliko yote ni ya hawa watoto."

Niliiweka chini. Tangu jioni ile nimekuwa mwanafunzi wa ufundi ambao sikujua kama ni ufundi. Mlango wa nakshi wa Zanzibar tunausifu kwa sababu tunauona. Mkeka uliosukwa vizuri tunaukalia na kuutaja msusi wake. Lakini kazi ya anayemfundisha mbwa kutouma haina mahali pa kutundikwa. Zao lake ni jeraha ambalo halikutokea. Hakuna mpita njia anayesimama kwenye ua na kusema, tazameni shavu la mtoto huyu, halina kovu. Kwa sababu hiyo nataka niisifu mimi.

Seremala huusoma mti kabla hajaushikia msumeno. Fundi wa mbwa naye huanza kwa kuujua mdomo. Mbwa hana mikono. Yale ambayo mtoto wa binadamu huyajua kwa vidole, yeye huyajua kwa meno na ulimi: kiatu ni nini, jani ni nini, mtu ni nini. Meno yake ya utoto ni 28, membamba na makali kama miiba ya mlimau. Huanza kuchomoza akiwa na umri wa wiki 3 hivi, na huanza kung'oka anapokaribia miezi 4. Katika kipindi hicho ufizi humuwasha, naye hutafuna chochote. Kufikia miezi 7 huwa amepata meno 42 ya ukubwani, na taya zenye nguvu za kuyatumia. Kwa hiyo kuna muda mfupi ambapo meno ni makali lakini taya bado ni dhaifu: anauma, anaumiza, lakini hadhuru sana. Huo ndio muda wa shule. Anachojifunza na sindano zile ndogo ndicho atakachobaki nacho siku atakapokuwa na meno ya kuvunja mfupa.

Walimu wake wa kwanza ni ndugu zake wa tumbo moja. Watazame wakicheza: mmoja anainamisha kifua, makalio juu, ndiyo ishara ya kwamba yanayofuata ni mchezo. Wanashikana masikio, wanabiringishana. Mmoja akizidisha nguvu, mwenzake hulia mara moja, huondoka, na mchezo hufa hapo hapo. Aliyeuma hubaki peke yake, ameduwaa. Baada ya muda anarudi, na safari hii analegeza taya. Mama yao naye hunyanyuka na kuondoka pale chuchu inapoumwa. Bila kipigo wala hotuba, wanafunzwa somo ambalo sisi tungehitaji mwezi mzima kulieleza: nguvu ya jino ina kipimo, na akivukaye kipimo hupoteza rafiki.

Tunalikatiza somo hilo kwa haraka zetu. Katika miji na vijiji vyetu mtoto wa mbwa huchukuliwa mara tu anapoweza kulamba uji, pengine akiwa na wiki 4 au 5, na aliyemchukua hujivunia kumpata angali mdogo. Amempata kabla hajamaliza darasa la kwanza. Wiki 8 ndicho kipimo kinachofaa, na mwenye subira hiyo hujipunguzia kazi ya miezi.

Lakini ufundi huu una saa yake. Mwaka 1965 wanasayansi wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walichapisha kitabu kilichotokana na miaka mingi ya kuchunguza mbwa katika maabara ya Bar Harbor, jimbo la Maine. Walionyesha kwamba tangu wiki ya 3 hadi karibu wiki ya 12 akili ya mtoto wa mbwa iko wazi kuliko wakati mwingine wowote. Watu, vitu na sauti anazozizoea kwa wema ndani ya siku hizo huwa sehemu ya ulimwengu wake. Asivyovizoea, atakuja kuviogopa, na woga ni mama wa kuuma. Waswahili waliokwisha kuona chungu kikikauka walisema zamani: udongo uwahi ungali maji.

Pamoja na hayo, kwa miaka mingi wakufunzi wengi walisubiri mbwa afikishe miezi 6 ndipo waanze kumfundisha, yaani walimsubiri mpaka awe na karibu meno yote 42. Daktari wa mifugo mzaliwa wa Uingereza, Ian Dunbar, alikuwa miongoni mwa waliovunja mazoea hayo, alipoanzisha huko California, mwaka 1982, madarasa ya mbwa wachanga wakiwa huru bila kamba. Mafundisho yake kuhusu jino yana hatua mbili, na mpangilio wake ndio siri yenyewe. Kwanza mfundishe kulegeza nguvu ya kuuma. Kisha ndipo umfundishe kuacha kuuma. Akiachishwa moja kwa moja bila kujua kipimo, siku atakapokanyagwa mkia na kuuma kwa ghafla, atauma kwa nguvu zake zote, maana hajui nyingine.

Nyumba yenye watoto wadogo ina sharti lake hapa: hatua ya kwanza ni kazi ya mtu mzima. Ngozi ya mtoto si ubao wa kujifunzia. Mimi na baba yao tulitoa mikono yetu. Nilikaa chini kwenye jamvi kila asubuhi, Simba mapajani, nikamwacha aushike mkono wangu kinywani. Alipogusa tu, niliendelea kumkuna kifuani. Alipobana, nilisema "Aa!" mara moja, nikaukunja mkono na kumgeuzia mgongo. Nilihesabu hadi 20, kisha nikageuka na kuanza upya. Siku ya kwanza niligeuka mara kumi na nne. Ilipofika wiki ya pili, nilihisi jambo ambalo maneno hayalifikii vizuri: meno yalifika kwenye ngozi, yakasita, yakaondoka. Kule kusita kwake kulinifurahisha kama mfinyanzi anavyofurahi kusikia chungu kilichopoa kikilia vizuri kinapogongwa.

Kuhusu kufukuza visigino, Babu alinieleza jambo lililonibadilisha macho. Kinachokimbia humwita mbwa. Zipo nchi ambako wito huo umegeuzwa ajira: huko Australia kuna mbwa waliozalishwa kwa vizazi vingi ili wang'ate visigino vya ng'ombe na kuwasukuma mbele. Mwanangu alipokimbia akipiga kelele, alikuwa amemfungulia Simba kazi ambayo damu yake inaikumbuka. Kwa hiyo ilibidi tuufunge mlango wa kazi hiyo na kumfungulia mwingine.

Tulifanya mambo manne. La kwanza ni usingizi. Mtoto wa mbwa huhitaji kulala kati ya saa 18 na 20 kwa siku, na ule wazimu wa jioni mara nyingi ni uchovu, sawa na mtoto mchanga anayelia kwa usingizi na hataki kulala. Nyumba yenye watoto haimpi nafasi. Kila akifumba macho kuna anayemwamsha. Tukamtengea kona nyuma ya ubao usiozidi kimo cha magoti, na saa 10 alasiri alipelekwa huko na gunia lake. Wazimu ulipungua nusu.

La pili ni kamba nyepesi ya mita 2, iliyofungwa kwenye ukosi wake wakati wote ambao yeye na watoto walikuwa uani na mimi nikiwapo. Mbio zilipoanza, sikumkimbiza, kwani naye angedhani nimejiunga. Niliikanyaga kamba tu. Mbio zilikwisha bila kelele wala mshiko wa shingo.

La tatu ni kuupa mdomo kitu chake. Mdomo hauachi kutafuna kwa kukatazwa. Huacha kimoja kwa kupewa kingine. Nilisokota kipande cha kanga kuukuu, nikakifunga mafundo, nikakilowesha na kukiweka kwenye friji. Ubaridi ulimtuliza ufizi, na mafundo yalimshughulisha. Nilikitupa mara kilipoanza kuchanika, asije akameza nyuzi. Magunzi ya mahindi tuliyaondoa yote uani, maana gunzi likimezwa huweza kuziba utumbo. Mifupa iliyopikwa nayo tuliacha kumpa, kwa sababu hupasuka vipande vyenye ncha kali.

La nne ni dagaa. Mfukoni mwa gauni langu kulikuwa na dagaa wakavu, wasio na chumvi, waliokatwa vipande. Kila Simba alipomwona mtoto akipita mbio na yeye akabaki amesimama, hata kwa nukta moja, kipande kilianguka mbele ya miguu yake. Ustadi wote uko katika ile nukta. Ukichelewa, umelipia jambo jingine: amekwisha kuruka, naye ataamini kwamba dagaa ni ujira wa kuruka. Nimewaona mafundi wa kushona wakikata kitambaa ghali bila mkono kutetemeka; kumlipa mbwa kwa wakati kunahitaji jicho la namna hiyo. Kufikia mwezi wa nne wa umri wake, mtoto akikimbia, Simba alikaa chini na kunitazama mfukoni.

Hiyo ni nusu ya ufundi. Nusu ya pili ni watoto, nayo ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu mtoto hatumwambii mara moja akasikia, na dagaa hatumrushii. Kumwambia mtoto wa miaka 3 "usikimbie" ni sawa na kuuambia mto usiteremke. Ni afadhali kumpa jambo la kufanya. Babu aliwaonyesha. Alisimama katikati ya ua, akakunja mikono kifuani, akatazama vidole vya miguu yake na kunyamaza. "Huu ni mgomba," akawaambia. "Mgomba hukimbia?" Wakacheka, wakasema haukimbii. "Mbwa hufukuza mgomba?" Hafukuzi. "Basi Simba akija na meno yake, kuweni migomba. Majani kifuani, macho kwenye mizizi." Binti yangu wa miaka 6 aliujua mchezo siku hiyo hiyo. Mdogo wake alihitaji wiki tatu za kuucheza na sisi, bila mbwa, kabla ya kuucheza na mbwa. Simba alipofika na kukuta migomba miwili isiyotikisika wala kulia, alinusa, akakaa, akaenda zake. Kumbe kilichokuwa kikimleta si watoto, ni mbio zao.

Tuliongeza sheria tatu ambazo kila mgeni wa nyumba yetu anazijua. Mbwa anayekula haguswi. Mbwa aliyelala haguswi. Mbwa hakumbatiwi shingoni, kwa maana kwetu kukumbatia ni upendo, kwake ni kubanwa. Na juu ya hizo zote ipo sheria ya wazazi: watoto wadogo na mbwa hawaachwi peke yao, hata kwa muda wa kuepua sufuria. Nikitaka kuingia jikoni, mmojawao huingia nami.

Nikafunzwa pia kuisoma lugha yake kabla ya jino. Mbwa anayejilamba pua bila chakula, anayepiga miayo bila usingizi, anayegeuza kichwa pembeni na kuonyesha weupe wa jicho, huyo anaomba nafasi. Akikaza mwili, anasisitiza. Akinguruma, amebisha hodi kwa sauti. Wengi wetu humpiga mbwa anayenguruma, tukidhani tunamtia adabu. Tunachomfunza ni kuacha kubisha hodi, na mbwa asiyebisha hodi huingia moja kwa moja na meno.

Najua kwamba wapo watakaoniambia mbwa ni wa kulinda, na kwamba ukimbembeleza atakuwa mpole kwa wezi. Kwenye mageti ya Nairobi huandikwa "Mbwa Kali", kwetu "Mbwa Mkali", na tumeamini kwamba ukali hupatikana kwa mnyororo mfupi, njaa na fimbo. Lakini mbwa aliyefungwa mchana kutwa hajifunzi kumtofautisha mwizi na mtoto wa jirani aliyefuata mpira. Anajifunza tu kwamba kila kinachosogea ni adui. Babu alilinda kahawa ya watu kwa mbwa waliokula mkononi mwake. Walibweka penye kubweka. Wahenga walionya kwamba ukizoeana na mbwa atakufuata hadi msikitini, na onyo hilo nalipokea kama fundi: mbwa hana sheria mbili. Unachomruhusu kwa mzaha leo uani, kesho atakifanya mahali usipotaka. Basi tumchagulie mazoea mapema, tena kwa makusudi.

Isidhaniwe kwamba nasifu mchezo wa wenye nafasi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu 4 katika kila 10 ni watoto walio chini ya miaka 15. Karibu wote waliambukizwa na mbwa. Mtoto ni mfupi, uso wake uko kwenye kimo cha mdomo, naye mara nyingi huficha kwamba ameumwa kwa kuogopa kugombezwa. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Kabla ya dalili, huzuilika. Tangu tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur alipomsimamia mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, achomwe chanjo jijini Paris na akaishi, hakuna sababu ya kumzika mtoto kwa ajili ya jino la mbwa, isipokuwa kuchelewa au kukosa.

Kwa hiyo chanjo ni sehemu ya ufundi huu, wala haiko pembeni yake. Simba alichanjwa mapema, na kadi yake imekaa pamoja na kadi za kliniki za watoto. Na watoto wangu wanajua kwamba jino lolote lililochubua ngozi, hata la mbwa mchanga, hata la mbwa wetu wenyewe, husemwa papo hapo na hakuna atakayegombezwa. Kidonda huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha safari ni ya hospitali. Si ya dukani, wala si ya kupaka pilipili au majivu.

Simba sasa ana mwaka mmoja na miezi miwili. Mwezi uliopita alikuwa amelala kwenye baraza, mimi nikichambua mchele hatua mbili kutoka kwake. Mwanangu alikuja na ndoo yake ya kuchezea, akajikwaa kwenye kizingiti, akamwangukia juu ya mbavu kwa uzito wake wote. Simba aliamka kwa maumivu na kugeuka. Niliona meno yote, yale ya ukubwani, yakiushika mkono wa mtoto juu ya kiwiko. Sikuwahi hata kuutupa ungo. Yalifika kwenye ngozi, yakasita, yakaondoka. Mbwa akainuka, akaenda kulala upande wa pili wa baraza.

Niliuosha mkono ule kwa sabuni na maji ya bomba huku nautazama penye mwanga, mbele na nyuma. Ulikuwa na mate tu. Jioni nilimwita Babu, nikampa shikamoo na kumsimulia. Alitikisa kichwa akasema, "Marahaba. Zile asubuhi zako kwenye jamvi."

Wewe unayetaka kuwaletea wanao mtoto wa mbwa, usiulize kwanza bei yake wala kabila lake. Jiulize kama unazo asubuhi hizo. Kama huna, mwache kwa mama yake mpaka uwe nazo. Kama unazo, kaa chini, mpe mkono wako wewe kabla hajaufikia wa mtoto.